Mama hataki baba aandikwe marehemu kwenye kadi ya harusi yangu

*"Assalaam alaykum. Mimi ni binti wa Pemba, naishi Wete, na nimeposwa. Harusi tumeipanga Mfunguo Tatu. Baba yangu hatukumwona tena tangu MV Spice Islander ilipozama mwaka 2011, nikiwa darasa la nne. Usiku ule alipiga simu kutoka Malindi, Unguja, akasema bandari imejaa watu, tiketi hajapata lakini hakosi njia ya kupanda. Jina lake halikuwamo kwenye orodha, mwili haukuonekana, wala hakuna aliyenusurika aliyesema alimwona melini. Siku ya tatu wazee walisoma hitma na msikitini ikasaliwa swala ya ghaibu, lakini mama hakukubali na eda hakukaa. Mpaka leo hafungi komeo la mlango wa uani kwa sababu baba akirudi usiku alikuwa akipita huko, na kila Sikukuu huipiga pasi kanzu yake. Kaka yangu anamkasirikia, anasema anajitia wazimu. Juzi ami alileta mfano wa kadi ya mwaliko, imeandikwa 'binti wa marehemu' na jina la baba. Mama akaichana mbele ya watu. Anasema ami hana haki ya kuniozesha ilhali mwenyewe hajulikani alipo. Je, mama ni mgonjwa? Nitaolewaje? Na mimi, ambaye moyoni nishamwita baba marehemu zamani, nina kosa?"*

Waalaykum salaam, binti yangu. Nianze na hongera ya posa, kwa sababu katika barua yako umeipitia mbio kama jambo la kuomba radhi. Harusi ni kheri, na nyumba yenye msiba usiokwisha nayo ina haki ya kuingiwa na kheri.

Nilivyokusoma, mambo yako ni matatu na yamesokotana. Unataka kujua kama mama anaumwa. Unataka kujua utaolewaje ikiwa mwenye haki ya kukuozesha hajulikani alipo. Na unataka kujua kama umemkosea baba yako kwa kumlilia peke yako, kimyakimya, wakati mama bado anamsubiri. Nitayajibu yote, ila la mama halijibiki mpaka tuone kwanza ni kitu gani hasa anachotakiwa kukikubali.

Watu wanaomzunguka mjane wa ajali ya meli humwona kama mtu anayekataa jambo lililo wazi. Hebu tulitazame hilo lililo wazi. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Sikukuu ya Mfunguo Mosi, meli ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Walionusurika walihesabiwa zaidi ya 600, wengine waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania magodoro yaliyokuwa mzigo. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Tume iliyochunguza ajali ile ilipotoa ripoti yake mwaka 2012, waliopotea wakatajwa kuwa zaidi ya 1,000. Orodha ya abiria na watu waliokuwemo havikukaribiana hata kidogo. Kwa hiyo mama yako hakuletewa habari ya kifo. Aliletewa mume asiye na tiketi, asiye na jina kwenye karatasi, asiye na shahidi wa kupanda kwake, asiye na mwili. Alichobaki nacho ni simu moja ya usiku yenye maneno "sikosi njia". Mwambie mtu yeyote mwenye akili timamu, "kubali," kwa ushahidi huo, naye atakuuliza: nikubali lipi?

Wala tumaini lake halikutoka hewani. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, walikufa watu 228, na bado siku 2 baadaye waokoaji walimtoa fundi wa kivuko kile akiwa hai, amejibanza mahali palipobaki hewa. Nchi nzima ilisikia. Sisi wengine tulisema "Alhamdulillahi" tukaendelea na kazi zetu. Wanawake kama mama yako hawakulala usiku huo, maana kila habari ya namna hiyo huwarudisha kwenye siku ya kwanza.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani ya mtu, kwa sababu hapa ndipo kaka yako anapopotea njia.

Tunapoishi na mtu miaka mingi, akili hujifunza kwamba akitoka atarudi. Hujifunza hivyo kwa kurudia: ametoka, amerudi, ametoka, amerudi, maelfu ya mara. Anapofariki, akili haipokei habari hiyo kwa kuambiwa tu. Lazima ifundishwe upya, na mafundisho yenyewe ni mazito na ya kushikika. Ndiyo kazi ambayo mazishi yetu huifanya bila sisi kuitambua. Maiti anaoshwa na watu wanaomjua, anakafiniwa, mke anafunuliwa uso wa mumewe amtazame. Jeneza linatoka mlangoni juu ya mabega ya wanaume, linakwenda, na wanaume wanarudi bila ya yule waliyemchukua. Nyumba inajaa jamaa. Kisha mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na kila siku ya eda inamwambia kwa mavazi yake, kwa kukaa kwake ndani, kwa namna watu wanavyomwingilia, kwamba mumewe hatarudi. Hata hivyo, aliyepitia yote hayo anaweza bado kushtuka mlango ukigongwa magharibi. Basi itakuwaje kwa asiyepitia hata moja?

Swala ya ghaibu ina mahali pake, na wazee wenu hawakukosea kuiswali; asili yake ni Mtume (s.a.w.) kumswalia Najashi, mfalme wa Habasha, aliyefia mbali. Lakini Najashi habari ya kifo chake ilithibitika. Mama yako alitakiwa aitikie "amina" juu ya jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha, siku ya tatu, wakati vyombo bado vilikuwa baharini vikitafuta. Nadhani ilikuwa mapema mno kwake. Silaumu, maana wazee nao walikuwa wakitafuta mahali pa kuuweka msiba wao.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wa familia mara nyingi hawalioni mpaka waambiwe. Kwa mke wa mtu aliyepotea, kutamka "amekufa" hakusikiki kama kutoa habari. Kunasikika kama kutenda. Anahisi kwamba siku atakayolitamka, yeye ndiye atakayekuwa amemwua, na kama yuko hai mahali fulani, atakuwa amemfungia mlango. Ndiyo maana kadi ilichanwa. Mama hakuwa akibishana na ami yako juu ya mtindo wa kuandika. Alikuwa akikataa kutia saini.

Hali hii ina wataalamu wake. Pauline Boss, profesa wa huko Minnesota, Marekani, alianza miaka ya 1970 kuzifuatilia familia za marubani wa kijeshi waliotoweka katika vita vya Vietnam. Baadaye, minara ya New York ilipoangushwa tarehe 11 Septemba 2001, alifanya kazi na familia za wafanyakazi ambao hakikupatikana chochote cha kuzika. Mpaka leo, kati ya watu 2,753 waliouawa pale, karibu 1,100 mabaki yao hayajatambuliwa. Alichokisisitiza miaka yote hiyo ni kwamba kisicho cha kawaida hapa ni hali yenyewe, si mtu aliyeangukiwa nayo. Na aligundua kwamba familia zilizoweza kuishi tena hazikuwa zile zilizolazimishwa kuchagua kati ya "yuko hai" na "amekufa". Ni zile zilizojifunza kuyabeba yote mawili kwa pamoja: pengine hayupo tena duniani, na pengine yupo, na vyovyote itakavyokuwa, leo kuna mtoto wa kuozeshwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: kwa hayo uliyoniandikia, hapana, mama si mgonjwa wa akili. Kanzu ya Sikukuu na komeo la uani ni desturi za mtu aliyenyimwa kaburi. Zingekuwa dalili ya ugonjwa kama zingemzuia kuishi. Hukuniandikia kwamba hapiki, halali, hatoki, hazungumzi na jirani. Hukuniandikia kwamba anasikia amri zisizosikika na wengine. Umeniandikia mwanamke aliyekulea tangu darasa la nne mpaka ukaposwa, peke yake.

Hapa nisahihishe mambo mawili matatu ambayo huenda umeambiwa, maana yanazagaa sana siku hizi.

La kwanza ni zile "hatua tano za msiba", kwamba mtu hukataa, kisha hukasirika, kisha hivi na hivi, mpaka afike kwenye kukubali, na asipofika amekwama. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza hatua hizo mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe. Hazikutoka kwa wafiwa, sembuse kwa mke wa mtu aliyepotea baharini. Wafiwa wengi hawapandi ngazi. Wanakwenda na kurudi: asubuhi mtu anahesabu fedha za ada ya shule kama kawaida, alasiri harufu ya sabuni inamwangusha. Watafiti wa Uholanzi, Stroebe na Schut, walilieleza hilo mwaka 1999, na kwa maoni yangu linafanana na maisha kuliko ngazi yoyote. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya mtu. Wa kuogopewa ni yule anayelia tu miaka yote bila kushika kazi nyingine, au yule anayefanya kazi tu miaka yote bila kulia hata siku moja.

La pili ni ile imani kwamba mtu akiambiwa ukweli kwa ukali atazinduka. Kaka yako ameijaribu kwa miaka na matokeo unayaona. Kila anapomwambia mama "kafa huyo!", mama analazimika kusimama upande wa pili na kumtetea mumewe. Wakiachwa bila mabishano, wanawake wengi wa aina hii utawasikia wenyewe wakisema jioni moja, "mimi najua bahari haikumwacha," na kesho yake wakapiga pasi kanzu. Mwachieni nafasi ya kusema yote mawili. Mkimbana atashika moja tu, na litakuwa lile linalowaudhi.

Kuhusu kaka yako mwenyewe, naomba usimhukumu upesi. Mvulana ambaye baba amepotea huambiwa siku ileile, "sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii." Hapewi muda wa kuwa mtoto aliyefiwa. Hasira yake kwa mama ina mantiki: mama akisubiri, yeye hawezi kumaliza. Mkae naye pembeni, wewe na ami, mumuulize usiku ule ulikuwaje kwake. Huenda hajaulizwa tangu wakati huo. Na suala la komeo lisiwe vita vya imani, lina ufumbuzi wa fundi: fungeni vizuri lango la nje la ua, mlango wa ndani mwachieni mama kama anavyotaka. Kama baba alikuwa na ufunguo wa lango, basi hata kwa hesabu za mama hakufungiwa mtu nje.

Tuje kwenye ndoa, na hapa nina habari njema kuliko unavyodhani. Mimi ni mshauri nasaha, si kadhi, kwa hiyo yachukue haya kama mambo ya kwenda kuyauliza, si fatwa. Ninyi nyote mnajadiliana kana kwamba kuna njia mbili tu: ama baba atangazwe amefariki ili ami akuozeshe, ama usiolewe. Lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa visiwani, wamelizungumzia suala la walii, yaani mwenye haki ya kuozesha, aliye ghaibu. Baba anapokuwa mbali na hafikiki, haki ya kuozesha haimrukii ami moja kwa moja. Humwendea kadhi, naye anaweza kuifunga ndoa mwenyewe au kumpa mtu idhini. Uone basi kwamba katika hili mama yako amesema jambo lenye msingi! Ami hana haki ya kukuozesha kwa kudhania tu kwamba ndugu yake amekufa. Kwa njia ya kadhi, hakuna mtu anayelazimika kutamka kifo ili wewe uolewe.

Njia ya pili ni kumwomba kadhi atoe hukumu kwamba baba ahesabiwe amefariki. Hiyo ni kesi ya mtu aliyepotea, na wanavyuoni wanatofautiana juu ya muda wa kusubiri. Utasikia kauli ya Imam Malik ya miaka 4 ikitajwa sana. Sheria za serikali nazo zina muda wake, mathalani kule Kenya ni miaka 7 bila mtu kusikika. Hukumu hii ina faida zake. Inafungua mirathi, hati ya kiwanja, fedha za benki kama zilikuwepo, na inampa mama yako hadhi inayoeleweka, maana mwanamke asiye mke wala mjane anateseka katika kila ofisi anayoingia. Kuna faida nyingine ya ndani zaidi. Wapo wajane wanaopata nafuu kubwa hukumu inapotoka, kwa sababu mzigo wa kutamka umechukuliwa na mtu mwingine mwenye mamlaka. Wanaweza kusema, "si mimi niliyesema, ni kadhi." Lakini wapo wanaohisi wamesalitiwa, hasa wakigundua kwamba jamaa walikwenda mahakamani bila wao kujua. Mimi nisingeichanganya kesi hiyo na harusi. Ukifanya hivyo, mama ataiona ndoa yako kama bei ya kifo cha mumewe, na huo ni mzigo ambao bibi arusi hastahili kuanza nao maisha. Kwanza oleweni kwa njia ya walii ghaibu kama kadhi ataipitisha. Hukumu ya kupotea ije baadaye, ikiwa mama mwenyewe ataitaka.

Kuahirisha harusi? Inawezekana, na siku nyingine huwa busara. Kwenu sioni faida. Mama hakusema usiolewe. Alisema usiolewe kwa uongo.

Kadi ni jambo dogo ukishaliweka hivyo. Hakuna sheria inayotaka neno "marehemu" liwepo. Ami awe mwalikaji kwa jina lake, na wewe uandikwe binti wa fulani, jina kamili la baba, bila nyongeza mbele wala nyuma. Anayejua atajua, asiyejua hatouliza. Ami asipopenda, mkumbushe kwamba kadi hutupwa baada ya wiki moja.

Sasa utamwambiaje mama? Usimwite kikaoni. Mfuate anapokuwa na kazi mkononi, anachambua mchele au anasuka ukili, maana mazungumzo mazito huwa mepesi mikono ikiwa na shughuli. Anza kwa kuondoa kile anachokiogopa. Mwambie: "Mama, sitaki useme baba kafa. Mimi nawe tunaweza kuwa na mawazo tofauti na tukabaki mtu na mwanawe. Ninachotaka ni kuolewa kihalali, na nasikia kwa kadhi kuna njia isiyomlazimu mtu kusema baba kafa. Twende sote tukamsikilize?" Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie, usimkimbize kwa "basi, mama, basi". Akibadilisha mazungumzo, mwache, rudi siku nyingine. Na muulize swali ambalo nahisi miaka hii yote hakuna aliyemuuliza kwa nia njema: angependa baba atajwe vipi siku ya harusi? Huenda akataka isomwe dua. Dua ni jambo zuri katika hali yenu, kwa sababu haidai cheti. Mtu anaweza kuombewa rehema na usalama "popote alipo", na kila aliyekaa mkekani akaitikia kwa analolijua yeye.

Ikiwa mama atapenda, tafuteni pia mahali au siku ya kumkumbuka. Ndugu wa waliokufa na MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, wana makaburi ya Igoma kule Mwanza, na wapo waliokwenda pale hata kama mtu wao hawajui kama ni miongoni mwa waliozikwa. Nyinyi tarehe 10 Septemba mnaweza kukaa na familia nyingine za Wete zenye hali kama yenu, maana hazikosi. Kwa niliyoyaona kazini, mke wa mtu aliyepotea hupata mengi kwa mwenzake kuliko kwangu. Haimlazimu kuanza kueleza.

Nije kwako. Ulikuwa darasa la nne. Mtoto wa umri huo anaelewa kwamba kifo hakina kurudi, na mara nyingi analielewa hilo waziwazi kuliko watu wazima, kwa sababu hana mengi ya kujitetea nayo. Ulimzika baba yako moyoni kwa sababu ulihitaji kukua, na ukaficha kwa sababu uliona mama hawezi kuzika. Hayo si makosa. Ila yana gharama: watoto wa nyumba kama hizi hulia chooni, husoma sana au hunyamaza sana, na huzoea kutokuwa na haja ya kitu. Barua yako yenyewe ina hali hiyo, umeniuliza kuhusu mama mistari mingi na kuhusu wewe mstari mmoja. Jiandae kwamba siku ya ndoa, watakapoingia chumbani kukutaka idhini na sauti itakayokuuliza isiwe ya baba, utalemewa. Mweleze mchumba wako mapema. Mwambie pia somo wako, yule anayekufunda, awe karibu. Usijifanye shujaa siku hiyo, na mtu asikwambie kwamba machozi yako ni nuksi.

Nitahadharishe juu ya watu. Kila ajali ya meli huzaa wanaodai kumwona aliyepotea Tanga, Ngazija, Msumbiji, na wanaodai yuko chini ya bahari kwa majini, na wote humalizia kwa kutaka fedha. Mkiletewa habari ya namna hiyo, ami aipokee, aulize maswali ya kuthibitisha, na mama asiambiwe mpaka ijulikane. Tumaini lake limekwishamgharimu vya kutosha.

Na msimpe vidonge vya usingizi vya kununua dukani. Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya mwaka 2013 limeshauri dawa za jamii ya diazepam zisitolewe kwa sababu ya msiba peke yake. Humzoesha mtu haraka, na huzuni huikuta palepale zikikatika.

Lakini zipo hali ambazo ushauri wangu wa maandishi hautoshi, na lazima mama aonwe na mtu ana kwa ana. Akianza kusema anataka kumfuata baba, au kwenda ufukweni peke yake nyakati zisizo za kawaida, msingoje hata siku moja, na msimwache peke yake. Akiacha kula, kuoga, au kunywa dawa zake za presha au sukari kama anazo. Akikosa usingizi kwa wiki kadhaa. Akianza kusikia au kuona mambo yanayomtisha au kumwamuru. Kusikia sauti ya mume ikimwita mara mojamoja, au kumwota, ni jambo la kawaida kwa waliofiwa na halihesabiki humo. Na kama huzuni ni kali kila siku kiasi cha kumfunga asifanye lolote. Shirika la Afya Duniani limeitambua huzuni ya namna hiyo, inapozidi miezi 6 na kupita desturi za jamii ya mtu, kuwa ni tatizo la kutibiwa, na tiba yake kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, si vidonge. Anzieni hospitali iliyo karibu nanyi, mkiulizia huduma ya afya ya akili. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. Najua jina hilo linavyowatisha watu. Waendao pale kwa mazungumzo na kurudi nyumbani siku hiyohiyo ni wengi, na hakuna anayefungiwa kwa kuwa na huzuni. Wewe pia milango hiyo ni yako, kabla ya harusi au baada yake.

Kwa sasa la haraka ni kadhi, na msichelewe mpaka kadi zimeshachapishwa. Nendeni mahakama ya kadhi ya wilaya yenu, mama, ami na wewe. Chukueni cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha ndoa ya wazazi kama kipo, barua ya sheha inayoeleza kwamba baba hajaonekana tangu Septemba 2011, na watu wawili waliokuwa wakimjua. Mwambieni kadhi mwanzoni kabisa kwamba hamkuja kutafuta hukumu ya kifo, mmekuja kuuliza juu ya walii aliye ghaibu, ili mama alisikie hilo kwa masikio yake kabla ya maswali kuanza. Ukishapata jibu, niandikie amesema nini, kwa sababu nina barua nyingine mbili za mabinti wenye swali hilihili na ningependa kuwajibu kwa uhakika zaidi.